Mgeni Halipi Kodi Tbilisi

Kwa miezi mitano mizima, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na kitambulisho, niliamini kwamba katika jiji la Tbilisi ni hatia kumtoza mgeni kodi ya nyumba. Wala si kuamini kidogo tu. Niliamini vile watu wa Nakuru wanavyoamini kwamba kesho jua litachomoza upande wa Bahati. Mgeni, nilikuwa nikieleza, hulala bure mwaka wote wa kwanza. Mwenye nyumba akithubutu kuchukua kitu, majirani wanaita polisi, polisi wanakuja kofia mkononi kwa aibu, na mwenye nyumba anatozwa faini ya kondoo. Ndiyo, kondoo. Ukiniuliza kondoo wa rangi gani, siku hizo ningekujibu.

Nacheka nikiandika, lakini msidanganyike. Mimi kucheka ni maumbile. Mama yangu husema nilizaliwa nikicheka mpaka mkunga akakimbia. Kilichonikalisha chini kuandika ni hasira, na hasira yenyewe ni nyingi kiasi kwamba ningeipakia kwenye lori ingepasua magurudumu yote sita. Nimeyakasirikia mageti. Nimeikasirikia orodha moja ya miji. Na zaidi ya vyote nimewakasirikia watu wazuri, wale wanaokupenda.

Nianze na mageti.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Rhonda, Nakuru, na mchana nilipakua waru, yaani viazi, kutoka kwa malori yanayoteremka toka milima ya Mau Narok. Kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa huko Mau Narok, nusu ya zile waru nilikuwa nazijua kwao. Saa kumi na moja jioni nilikuwa nanawa udongo, navaa shati, naenda chuoni kusoma ufundi wa friji na mitambo ya baridi. Darasa la jioni. Tulikuwa watu wazima tupu: kondakta, mama wa watoto wanne, bawabu aliyekuja na sare yake na kusinzia akiwa wima. Miaka mitatu nilisoma hivyo. Nilijua kompresa kwa sauti yake kama mtu anavyojua kikohozi cha baba yake.

Masomo yakaisha, ikabaki kitu kimoja: yale mafunzo ya kazini ambayo sisi wote tunayaita atachimenti. Wiki kumi na mbili mahali pa kazi halisi, kila wiki msimamizi aweke sahihi kwenye daftari lako, mwishoni apige muhuri. Bila muhuri hakuna cheti. Miaka yangu mitatu ya jioni, shati langu moja la shule lililofuliwa mpaka likaanza kuonyesha mifupa yangu, vyote vilikuwa vimening'inia kwenye muhuri mmoja.

Nikaenda kutafuta. Niliingia kila kiwanda kati ya Nakuru na mwisho wa dunia. Kusema kweli sikuingia; nilifika getini. Kila geti lina askari na kila askari ana katoni. "Weka barua hapo, boss, utapigiwa." Naweka. Nilirudi geti moja baada ya wiki mbili nikamkuta askari anakula njugu karanga kutoka kwenye kifuko cha karatasi, na kwenye ile karatasi nikasoma jina langu limetiwa chumvi.

"Hiyo ni barua yangu," nikamwambia.

"Ilikuwa," akasema, akanikaribisha njugu. Nikala. Ningefanya nini?

Mahali pengine nilipita geti nikafika hadi ofisini, mbele ya mama mmoja mwenye miwani ya kamba. Akasoma barua yangu mpaka mstari wa pili. "Wewe ni wa jioni?"

"Ndiyo, madam."

"Sisi huchukua watoto wa mchana. Nyinyi wa jioni ni watu wazima, mna mambo yenu."

Mambo yangu! Mambo yangu yalikuwa ndiyo hayo. Mtu asomaye jioni ndiye aliyetaka kusoma kuliko wote, maana wenzake wako nyumbani wanavua viatu. Lakini tunaonekana kama watu waliochelewa basi na sasa wanakimbia nyuma yake wakipiga kelele. Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kuchemsha sufuria bila moto.

Ndipo jirani yangu wa dawati, mwanamke aliyeuza mitumba mchana, akanionea huruma. "Sikiza, boss. Hapa wamekukataa. Enda nje."

"Nje wapi?"

"Majuu. Kuna miji rahisi." Akatoa simu yake yenye kioo kilichopasuka, tukaisoma mwalimu akiwa bado anafuta ubao. Ilikuwa orodha: miji nafuu ya kufanyia mafunzo ya kazi nje ya nchi. Krakow, Hanoi, Lisbon, Kuala Lumpur, Tbilisi. Kila mji na picha yake, na kila picha na kijana anayecheka na mkoba mgongoni.

Leo nikikumbuka ile orodha natamani kumpata aliyeiandika nimkalishe juu ya gunia la waru nimuulize: nafuu kwa nani? Aliandika kwamba chumba katika mmoja wa miji hiyo ni sawa na vikombe vichache vya kahawa London. Mimi sijawahi kunywa hata kikombe kimoja cha kahawa cha London, sasa vichache ni vingapi? Aliandika kwamba atachimenti bila mshahara si tatizo, mradi uwe na "msaada kidogo kutoka nyumbani." Kwetu nyumbani ndiko msaada unakoelekea, siyo unakotoka. Yule mwandishi alikuwa na mzazi nyuma yake kama ukuta wa mawe, na mtu mwenye ukuta nyuma hajui kwamba wengine wameegemea hewa. Maskini wa kwao akienda nje anaitwa msafiri wa bajeti. Maskini wa kwetu akienda nje anaulizwa anarudi lini.

Lakini hiyo ni hasira ya leo. Siku ile niliifurahia orodha kama mtoto. Tena nilikuwa na njia yangu ya kuipima, na nawaomba msicheke upesi, maana ilikuwa na akili. Mtu aliyelelewa Mau Narok anajua kwamba bei ya waru ndiyo baba wa bei zote. Waru zikishuka, fundi wa kujenga anashuka, mahari inazungumzika, hata sadaka ya Jumapili inakuwa nyepesi. Zikipanda, kila kitu kinapanda nazo. Kwa hiyo nikamwambia jirani yangu, "Wewe nisomee bei ya waru ya kila mji, hizo kahawa waachie wenyewe."

Akatafuta. Hanoi nikaifuta mara moja kwa sababu wanakula wali, na sikuweza kuamini mji ambao siwezi kuupima. Lisbon waru zilikuwa ghali. Krakow zilikuwa rahisi, lakini picha ilionyesha theluji mpaka dirishani. Tbilisi, mji mkuu wa ile nchi ya Georgia iliyo milimani ng'ambo ya Uturuki, waru zilikuwa bei ya kuchekesha. Na chini yake waliandika kwamba watu wa huko wana msemo: mgeni ni zawadi kutoka kwa Mungu.

Nilibeba sentensi hiyo mpaka kwa kinyozi wangu Rhonda. Nikamsomea akiwa ameninyoa upande mmoja. Akasimamisha mashine hewani. "Sasa, buda, kama mgeni ni zawadi, zawadi unaeza kuilipisha?"

Nikatoka pale na kichwa kipya, ndani na nje.

Nikaandika barua pepe kwa kila ghala la baridi la Tbilisi nililoliona kwenye mtandao. Nilizituma nyingi mpaka vidole vikatoa malengelenge. Moja ikajibiwa. Kampuni ndogo ya kuhifadhi matunda pembeni mwa jiji ilisema ingefurahi kunipokea, wiki kumi na mbili, na daftari wangesaini. Mshahara haupo. Malazi utajipangia mwenyewe. Nikaelewa kwamba nitachagua nyumba ninayoitaka.

Wiki hiyohiyo, na hapa ndipo hasira inapoanza kunikaba, nilipata nafasi ya pili bila kuitafuta. Huko kwetu Mau Narok kuna wakulima waliojenga ghala la baridi la mbegu za waru, na msimamizi wake ni mzee asiyevua viatu vyake vya gambuti, aliyenijua tangu nikiwa napakia magunia. Aliniona sokoni, akaniita kando ya lori.

"Nasikia unatafuta mtu wa kukusainia."

"Natafuta, mzee."

"Mimi nina mitambo miwili na mmoja unakohoa. Njoo mwanzo wa mwezi. Nafasi ni moja. Utalala kwa mama yako, utakula waru zako, na muhuri ninao kwenye droo."

Wasomaji, mlango ulikuwa wazi hivyo. Kulala kwa mama yangu! Hakuna mji duniani, kwenye orodha yoyote, ulio nafuu kuliko huo. Nami nilifanya nini? Nilicheka. Nikamwambia asante mzee, lakini mimi naenda Tbilisi, na huko mgeni halipi kodi. Nikamsimulia mpaka wa kondoo. Alinisikiliza akichezesha ufunguo mfukoni. Jioni hiyo nikamwandikia barua safi, ya heshima, kwamba nafasi ampe mwingine. Akampa msichana wa darasa la mchana.

Hapa lazima nieleze kitu kuhusu kwetu, la sivyo hamtaelewa kwa nini hakuna aliyenishika mkono.

Kwetu, safari ya mtu haiguswi kwa mdomo. Mtu akikuambia anasafiri, unasema Mungu akutangulie, basi. Ukiuliza maswali, wewe una kijicho. Ukitia shaka na safari ikavunjika, ni wewe uliyeivunja. Nina mjomba anayeishi Olenguruone ambaye mpwa wake mwingine alikuwa aende Uarabuni kazi. Mjomba aliuliza swali moja tu: "Hao watu umewaona kwa macho?" Baadaye pasipoti ikachelewa, kazi ikapotea. Kuanzia hapo mjomba akawa ndiye aliyefunga Uarabuni. Kwenye matanga alikuwa akipewa chai ya mwisho, ile ya masimbi ya chini ya sufuria. Wanawake waliita watoto ndani akipita. Na mimi nilikuwa mmoja wa waliomwita mchawi, kwa sauti, mbele ya watu.

Basi mjue, wote waliponiona naelekea shimoni nikiimba, kila mmoja alimkumbuka mtu kama mjomba wangu.

Mama akanifanyia maombi ya kuniaga. Ilikuwa Jumapili mchana, nyumba imejaa, mukimo wa viazi vya kuponda umelundikwa kama kichuguu, ngano ya jirani inayumba nje ya dirisha. Mama alikuwa ametangaza Georgia, na binamu yangu mwalimu alikuwa amewaeleza watu kwamba Georgia iko Marekani. Nilijaribu kusahihisha.

"Si hiyo, ni nyingine."

"Ziko mbili?" pasta akauliza.

"Ziko mbili."

"Tuombee zote," akasema, na kanisa likaitika amina. Lakini naona waliomba zaidi ile kubwa.

Nikapewa nafasi ya kusema neno. Nikasimama, nikawapa Tbilisi yote: zawadi ya Mungu, mwaka bila kodi, polisi, kofia, kondoo. Watu wakapiga makofi. Mama akafuta macho. Binamu mwalimu, mtu aliyefundisha jiografia miaka kumi, akaangalia chini akatafuna mukimo ambao alikuwa ameshaumeza. Msimamizi wa ghala alikuwa mlangoni na gambuti zake, akanipa mkono. "Mungu akutangulie," akasema.

Na alikuwepo mshonaji. Huyu ndiye ninayetaka mumwone vizuri. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwenye duka la cherehani mkabala na kinyozi kule Rhonda, na mimi nilimwita Anti ingawa hatuna damu moja. Zamani alikwenda na familia moja iliyomwajiri yaya, na wao wakamfikisha, kati ya miji yote ya dunia, Tbilisi. Ile familia ilipohama alibaki huko miaka miwili zaidi akijitegemea. Mtaani petu ni yeye pekee aliyewahi kuukanyaga ule mji.

Mtauliza, kwa nini sikumuuliza? Nilimuuliza! Nilikuwa dukani kwake kila wiki. Nikimwuliza kuhusu baridi, alijibu: "Baridi ya huko inaingia kwa meno, nitakushonea koti." Nikimwuliza chakula, alijibu: wana mkate wa jibini, utaupenda. Nikifika kwa habari ya kodi, nikisema, "Na vile mgeni halipi, Anti," aliinamisha kichwa kwenye cherehani akasema, "Mungu ni mwema." Kila mara. Mungu ni mwema. Nami nikalihesabu hilo kuwa ushahidi wa mtu aliyeishi huko.

Siku ya maombi alipanda Mau Narok na lile koti, zito kama ng'ombe, bitana mbili, mifuko minne. Akakataa malipo. Akaimba sauti ya kwanza mpaka mabati yakatetemeka. Akanivalisha koti mbele ya watu, akanifunga vifungo mwenyewe hadi shingoni, na mikono yake ilikuwa baridi.

Jumatatu nikaanza kujaza fomu ya viza kwenye mtandao. Jina, sawa. Pasipoti, sawa. Kisha: ambatisha mkataba wa kupanga nyumba au uthibitisho wa malazi. Nikacheka. Nikaenda kwa madam wa chuo anayeshughulikia atachimenti, kwa kuwa naye alitaka karatasi hizohizo ndipo aandike barua ya bima.

"Mkataba wa nyumba uko wapi?" akauliza.

"Huko hakuna, madam."

"Hakuna nyumba?"

"Hakuna kodi."

Alivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta, pole pole, kama mtu anayetaka kupumzisha macho yasinione. "Nani alikuambia?"

"Hiyo inajulikana."

"Mimi sijui. Lete karatasi kabla ya Ijumaa saa kumi. La sivyo jina lako naliweka kwa wale wa mwaka ujao."

Nikawaandikia wale wa kampuni. Na hii ndiyo aibu ambayo mpaka leo hunifanya nijifunike blanketi mchana: niliwaeleza watu wa Tbilisi sheria ya Tbilisi. Niliwaandikia kwa adabu kwamba kwa kuwa sheria yenu hairuhusu kumtoza mgeni, tafadhali nitumieni jina la mwenye nyumba yeyote aliye karibu na kazi. Wakajibu Jumatano. Walisema wamesoma barua yangu, wote ofisini, na hawajaelewa swali. Ninaweza kuwatumia mkataba wa kupanga?

Alhamisi nilipanda Mau Narok, nikamkuta mzee wa ghala. Ndani, yule msichana wa darasa la mchana alikuwa amepiga magoti mbele ya kompresa na geji mkononi, anaandika kwenye daftari. Daftari lake lilikuwa na sahihi mbili tayari. Niliziona.

"Kijana, nafasi ilikuwa moja," mzee akasema kabla sijafungua mdomo. "Barua yako niliisoma mara mbili. Nilifikiri umelewa."

"Sasa mbona hukuniambia, mzee? Mbona hukusema ngoja kwanza?"

"Mtu anaenda ulaya, mimi wa waru nimzuie? Mama yako angenisalimia tena?"

"Lakini ulijua!"

"Nilijua nini? Nilijua vile mtu mzima yeyote anajua." Akafunga droo ya mihuri kwa goti. "Hakuna mahali watu wanajenga nyumba ya bure."

Niliteremka Nakuru. Ijumaa saa kumi ilipita nikiwa nimeketi kwenye ngazi za chuo, naangalia madam akifunga ofisi. Alinigusa bega akapita. Jina langu lilikwenda kwa wale wa mwaka ujao. Nilikuja kupata cheti mwaka mmoja baada ya wenzangu, na siku ya wenzangu kuvaa majoho mimi nilikuwa nikipakua lori la shangi, zile waru nyeupe, nikihisi kila moja inanicheka.

Jumamosi asubuhi nilimwingilia kinyozi wangu kabla hajafagia.

"Uliniambia huko mgeni halipi!"

"Niaje kwanza."

"Achana na niaje! Uliniambia kuna polisi!"

"Mimi?" Akaweka ufagio chini. "Mimi nilikuuliza zawadi inalipishwa aje. Nilikuwa nafanya mzaha, buda, ulikuwa na kichwa nusu. Polisi ulikuja nao mwenyewe wiki iliyofuata. Ule kondoo ndiyo ulinimaliza. Nilisimulia wateja ule kondoo mpaka ukazaa."

"Na hukusema ni uongo?"

"Ulikuwa unasema vizuri sana."

Mnajua uchungu wa kumkasirikia mtu kisha ukute mlango wa hasira unafunguka kwako mwenyewe? Nilitaka kupiga kitu. Hakukuwa na kitu cha kupiga ila kiti cha kunyolea, na kile hakikunikosea. Nilikuwa nimebaki na shahidi mmoja tu, tena ng'ambo ya barabara. Nikavuka.

Mshonaji alikuwa anapinda sketi za shule. Hakuinua kichwa.

"Anti, niambie leo. Huko Tbilisi kodi iko ama haiko?"

Mguu wake uliendelea kukanyaga. "Umeshakosa kwenda?"

"Nimekosa."

"Kabisa?"

"Kabisa! Jina limepelekwa mwaka ujao. Mau Narok kuna mtu. Hakuna kilichobaki."

Ndipo akaondoa mguu kwenye pedali, cherehani ikanyamaza. Akachomoa pini mdomoni, moja moja, akazichoma kwenye kifundo chake cha kitambaa. "Basi sasa naweza kusema," akasema.

Hapo nililipuka. Nilimwambia mambo ambayo mtu hamwambii mwanamke wa umri wa mama yake. Nilimwambia nyinyi watu wazuri ni hatari kuliko wezi, kwa sababu mwizi angalau unamfungia mlango. Nilimwambia alinishonea koti la kuzikwa nalo. Nilimwuliza ni upendo gani huu, wa kumfungia mtu vifungo hadi shingoni na kumwacha aende akagonge ukuta unaoujua, uliougusa kwa mkono wako. Wateja wawili walisimama mlangoni wakasikiliza hadi mwisho, kisha wakakumbuka wana haraka.

Alinisubiri niishiwe na pumzi.

"Ningekuambia ungenisikia?"

"Ningesikia!"

"Ungesema ni kijicho. Ungesema, kwa kuwa yeye alirudi, anataka sote turudi. Na viza ikichelewa siku moja, mama yako angeteremka hapa na wamama wa kanisa. Mimi nakaa hapa, mwanangu. Nashona sketi za watoto wao. Yule mjomba wako wa Olenguruone, si ulinisimulia mwenyewe? Si ulikuwa unacheka?"

Nilikaa kwenye benchi la wateja, juu ya vipande vya vitambaa, na hasira yangu yote ikiwa bado imesimama katikati ya duka haina pa kukaa.

"Niambie tu," nikasema. "Ilikuwaje?"

Akakunja sketi, akaiweka kando.

"Nilipanga kwa mzee mmoja na mkewe, ghorofa ya tatu. Siku ya kwanza walinipikia mpaka nikashindwa kuinuka. Sikukuu zao zote nilikaa nao mezani, na yule mzee alikuwa akisimama na glasi ananiombea mimi na mama yangu na watu wetu wote, saa nzima. Nilipougua, mkewe alinikanda miguu. Siku ya kuondoka walilia wote wawili."

"Na kodi?"

"Kila tarehe moja. Na ya mwezi wa mwisho nililipa siku ya kuingia."